WATU WANALIPA KWENDA KUONA UKUTA: MATEMBEZI YA DOCTOR WHO HUKO CARDIFF



Kuna mdau aliniuliza swali ambalo nimeona si la kujibu kwa mstari mmoja. Aliuliza hivi: inakuwaje mtu mzima na akili zake anapanda ndege, anafika nchi ya watu, halafu anatoa hela azungushwe mjini kwa miguu akaonyeshwe ngazi, mlango wa duka na ukuta, eti kwa sababu kuna siku tamthilia fulani ilishutiwa pale? Tena tamthilia yenyewe ya kubuni kabisa, mambo ya viumbe wa sayari nyingine. Yaani hapo mahali hakikutokea chochote!

Swali zuri sana. Na mimi naona lina faida kwetu vijana, maana ndani yake kuna ajira, kuna historia, na kuna somo la namna mji unavyoweza kuishi kwa hadithi. Nimeamua kulijibu kwa mfano mmoja tu, mji wa Cardiff, Wales, na tamthilia ya Doctor Who. Twende taratibu.

KWANZA, DOCTOR WHO NI KITU GANI

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona: Doctor Who ni tamthilia ya kisayansi ya BBC iliyoanza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika mkuu anaitwa Daktari tu. Si daktari wa sindano. Ni kiumbe kutoka sayari ya Gallifrey anayesafiri popote pale na wakati wowote ule, leo yuko Roma ya kale, kesho yuko mwaka wa bilioni tano.

Usafiri wake unaitwa TARDIS. Kwa nje ni kibanda cha polisi cha bluu, vile vilivyokuwa mitaani Uingereza zamani kabla askari hawajawa na redio za mkononi, ndani mna simu ya kupiga kituoni. Ila ukifungua mlango, ndani ni kukubwa kuliko nje! Chombo kilitakiwa kijibadilishe kifanane na mazingira kinapotua, lakini mtambo wake uliharibika, kikabaki kibanda cha polisi mpaka leo.

Na ujanja mkubwa zaidi ni huu: Daktari akikaribia kufa, anajigeuza mwili mpya. Ndiyo maana waigizaji wanabadilika na hadithi inaendelea palepale. Bila ujanja huo tamthilia isingefika miaka sitini.

Ilisimama 1989, ikajaribiwa kwa filamu moja 1996, halafu ikarudi rasmi tarehe 26 Machi 2005. Kurudi huko ndiko kunakotuhusu leo, kwa sababu safari hii haikutengenezwa London. Ilitengenezwa Wales.

KWA NINI CARDIFF

Aliyeifufua anaitwa Russell T Davies, mwandishi mzaliwa wa Swansea, Wales. Kazi yote ikakabidhiwa BBC Wales, yenye makao yake Cardiff. Sasa hapo fikiria tatizo lao. Hadithi inasema Rose, msichana mhusika, ni mtu wa London, anafanya kazi dukani London, anaishi maghorofa ya London. Lakini watengenezaji wako Cardiff, zaidi ya kilomita 200 kutoka London. Kuhamisha magari, taa, waigizaji na mafundi kila siku ni hela nyingi.

Wakafanya kitu cha akili: London wakaichukulia kidogo tu, picha za madaraja na mto na mabasi mekundu, halafu mengine yote wakayashutia Cardiff. Mtazamaji akiona basi jekundu linapita, akili yake inasema "hii London", hata kama dakika inayofuata mtu anakimbia kwenye mtaa wa Cardiff. Mji mmoja ukawa unaigiza mji mwingine!

Na hawakuishia London. Cardiff na vitongoji vyake imewahi kuigiza Marekani, Norway, na sayari ambazo hazipo. Matembezi yanaanzia hapo hapo, kwenye kugundua kwamba ulidanganywa vizuri.

MATEMBEZI YENYEWE YANAKWENDAJE

Utaratibu ni mwepesi. Mnakutana mahali pamoja, mwongozaji anahesabu watu, mnaanza kutembea. Kwa kawaida huchukua kama masaa mawili. Mwongozaji huwa na picha za tamthilia, za karatasi au kwenye kompyuta ya mkononi. Mkifika mahali anaiinua picha mbele ya macho yenu, mnalinganisha: huyu kasimama hapa, kamera ilikuwa kule, ule mlango ndio huu. Nawapitisha kituo kwa kituo, vile ambavyo havikosekani.

1. Queen's Arcade. Hili ni jengo la maduka katikati ya mji. Kwenye episodi ya kwanza kabisa ya 2005, iitwayo "Rose", masanamu ya kuvalishia nguo madukani yanapata uhai na kuanza kuua watu. Hadithi inasema London. Kumbe ni hapa. Leo ukipita ni watu na mifuko yao ya manunuzi, ila mpenzi wa tamthilia akiona sanamu nyuma ya kioo anasogea pembeni kidogo, utani lakini si utani.

2. Howells. Duka kubwa la zamani la mji huo ndilo lililotumika kama Henrik's, duka alikokuwa akifanya kazi Rose. Duka lenyewe lilifungwa 2023. Kwa hiyo leo mwongozaji anaonyesha jengo la duka la kweli lililokufa, ambalo kwenye hadithi lilikuwa duka la uongo lililolipuliwa. Hapo wenyeji wenyewe wana la kusema kuliko wageni, maana wengine ndiko walikonunuliwa nguo za shule.

3. Uwanja wa mpira. Millennium Stadium, uliofunguliwa 1999 na tangu 2016 unaitwa Principality Stadium. Nje ni uwanja wa raga. Chini yake mna korido ndefu za zege. Kwenye episodi ya "Dalek", ya 2005, korido hizo ni handaki la siri la tajiri mmoja huko Utah, Marekani. Ndiyo, Utah yote ile iko chini ya uwanja wa raga wa Wales!

4. Cathays Park. Hapa ndipo penye majengo meupe ya fahari. Makumbusho ya Taifa yaliyoko hapo yalitumika kwenye "Planet of the Dead" ya 2009, pale mwizi wa kike anapoiba kikombe cha dhahabu. Episodi hiyo ina mkasa wake. Basi la ghorofa la London linatakiwa litumbukie kwenye sayari ya jangwa, na jangwa Wales halipo. Wakaenda kushutia Dubai, na basi likasafirishwa kwa meli. Lilipofika bandarini likaharibika vibaya. Muda wa kuleta lingine hakuna. Wakafanyaje? Wakabadilisha hadithi, ikawa basi limeharibika wakati wa kupita kwenye ufa wa anga. Mtazamaji hakujua kitu.

Karibu na hapo kuna jengo linaitwa Temple of Peace, lililofunguliwa 1938. Kwenye "The End of the World" ya 2005 ndilo lililokuwa ukumbi wa wageni wa kila sayari waliokuja kuangalia dunia yetu ikiungua. Limetumika tena mara kadhaa kwenye hadithi nyingine. Ila jengo lenyewe lilijengwa kwa nia ya amani na afya baada ya watu kuchoshwa na vita, na likapewa kazi ya kutunza kitabu chenye majina yapatayo 35,000 ya watu wa Wales waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Mwongozaji mzuri anawaambia na hilo. Mwongozaji mbovu anaishia kwenye viumbe wa ajabu.

5. Roald Dahl Plass. Kutoka katikati ya mji mnashuka ghuba, kama kilomita mbili hivi, kwa miguu au kwa treni fupi. Hapo mnakuta uwanja mpana wa umbo la yai, na nguzo ndefu ya chuma kinachong'aa, yenye urefu wa kama mita 21, maji yanatiririka juu yake. Nyuma kuna jumba kubwa la sanaa, Wales Millennium Centre, lililofunguliwa 2004.

Hapa Cardiff haikuigiza mji mwingine. Ilikuwa Cardiff. Kwenye "Boom Town" ya 2005 Daktari anatua hapa hapa kwa sababu, kwa mujibu wa hadithi, chini ya mji huu kuna ufa wa wakati na TARDIS inajaza nguvu zake kama gari linavyojaza mafuta. Mwaka uliofuata, Oktoba 2006, ikazaliwa tamthilia dada yake iitwayo Torchwood, kuhusu kikosi cha siri kinachopambana na viumbe wanaotokea kwenye ufa huo. Makao yao yako chini ya uwanja huu, na lifti yao ya siri ni kipande cha sakafu chini ya ile nguzo ya maji. Ukisimama hapo, watu hawakuoni. Kila kundi la wageni likifika, lazima mmoja asimame. Na wote wanajifanya hawamwoni!

Jina Torchwood lenyewe ni herufi za Doctor Who zilizochanganywa. Lilianza kama jina la kuficha kanda za episodi mpya zisiibwe kabla hazijaonyeshwa.

6. Mlango wa Ianto. Hiki ndicho kituo kinachojibu swali la mdau wetu. Hatua chache kutoka uwanjani, kwenye Mermaid Quay, kuna njia ya mbao kando ya maji na mlango mdogo. Kwenye Torchwood, mlango huo ulikuwa wa ofisi ya kuwapa watalii maelezo, ofisi ya geresha, nyuma yake ndiko kuliko na njia ya kuingia makao ya siri. Aliyekaa hapo kupokea wageni aliitwa Ianto Jones.

Julai 2009 Ianto akafa kwenye hadithi. Wapenzi wa tamthilia wakaanza kuleta maua, barua, picha na mashairi pale mlangoni. Mtu aliyewahi kuishi kwenye skrini tu, akapata kaburi! Wenye eneo hawakufukuza watu wala kung'oa vitu, badala yake pakawekwa kibao kabisa cha kumkumbuka. Miaka imepita na watu bado wanaweka barua. Ofisi ya watalii ya uongo imekuwa kivutio cha watalii cha kweli.

NJE YA MJI

Kwa miguu huwezi kumaliza kila kitu. Llandaff, pembezoni mwa Cardiff, penye kanisa kuu la zamani, ilikuwa kijiji cha Leadworth kwenye "The Eleventh Hour" ya 2010. Ngome ya Caerphilly ilitumika kwenye "Heaven Sent" ya 2015, ile ambayo Daktari yuko peke yake karibu episodi nzima. Na ufukwe wa Southerndown ndio uliokuwa Norway kwenye "Doomsday" ya 2006, pale Daktari na Rose wanapoagana. Watu wanaendesha gari mpaka ufukweni kwenye upepo na baridi ili walie kidogo, halafu wanarudi. Sehemu kama hizi ni za basi au gari.

KINACHOUZWA HASA NI NINI

Sasa turudi kwenye swali. Mgeni analipia nini?

Halipii ukuta. Ukuta ni wa bure, angeweza kuupita mwenyewe. Analipia vitu vitatu.

Cha kwanza ni kulinganisha. Unachokijua kwa macho kinakutana na unachokikanyaga kwa mguu. Mahali palipoonekana pakubwa kwenye TV unakuta ni padogo, korido iliyokutisha ni njia ya kupitisha masanduku ya bia. Hapo ndipo mtu anaelewa filamu inatengenezwaje: kamera ikae wapi, nini kifichwe, taa ifanye nini. Ni darasa la sinema la masaa mawili.

Cha pili ni watu. Ukitazama tamthilia uko peke yako chumbani, na wenzako nyumbani labda wanakucheka. Kwenye matembezi unakutana na watu kumi na watano ambao wote wanajua Dalek ni nini. Mtu aliyekuwa anaona aibu kupenda kitu siku nzima anaongea tu!

Cha tatu ni msimuliaji. Watu wawili wanaweza kuonyesha nguzo moja. Mmoja atasema "hapa ilishutiwa Torchwood," basi. Mwingine atakwambia uwanja huu una umbo la yai kwa sababu ulikuwa beseni la kuingilia meli, gati lililofungwa 1964, na kwamba 1913 bandari ya mji huu ilisafirisha zaidi ya tani milioni 10 za makaa ya mawe. Atakwambia Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto, alizaliwa Llandaff 1916 kwa wazazi Wanorwei, ndiyo maana uwanja unaitwa Plass kwa Kinorwei. Huyo wa pili ndiye anayepata wageni kesho.

UPANDE AMBAO TAMTHILIA HAIONYESHI

Hapa naomba mnisikilize kidogo, maana ndipo penye uzito kwangu.

Nyuma tu ya ule uwanja kuna mtaa wa Butetown, ambao zamani pamoja na maeneo ya gatini uliitwa Tiger Bay. Meli za makaa ya mawe zilileta mabaharia wa dunia nzima. Wengi wakalowea. Kulikuwa na Wayemeni, watu wa visiwa vya Karibea, watu wa Afrika Magharibi, na Wasomali ambao wako pale tangu karne ya 19. Yaani watu wa pande zetu za Bahari ya Hindi walifika Cardiff kabla ya kibanda chochote cha bluu.

Mmoja wao aliitwa Mahmood Mattan, baharia kutoka Hargeisa. Mwaka 1952 alishtakiwa kwa kumuua mwanamke mwenye duka pale mtaani, akahukumiwa, na tarehe 3 Septemba mwaka huo akanyongwa kwenye jela ya Cardiff. Mkewe na wanawe hawakukubali. Mwaka 1998, miaka 46 baadaye, Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu ile. Hakuwa na hatia kisheria, na alikuwa ameshanyongwa.

Sasa pima mwenyewe. Kwa miguu, mlango wa Ianto hauko mbali na mtaa alioishi Mattan. Mmoja hajawahi kuzaliwa na ana ukuta mzima wa barua. Mwingine alikuwa mtu, mume na baba wa watoto watatu, na mgeni anaweza kumaliza ziara nzima ya ghuba bila kusikia jina lake.

Sisemi wapenzi wa Torchwood ni wabaya. Kulia kwa ajili ya hadithi si dhambi, sisi wenyewe tumelia kwenye sinema za Kihindi na hatujafika Bombay. Ninachosema ni kwamba matembezi ya namna hii ni kama tochi. Mahali inapomulikwa panaonekana, na aliyeishika ndiye anayeamua pa kumulika. Tamthilia imewaleta watu mpaka gatini bure kabisa. Mwongozaji akitumia dakika tano kati ya masaa mawili kusimulia Butetown, hajaharibu starehe ya mtu. Kawarudisha wageni nyumbani na kitu ambacho hakimo kwenye DVD.

Nashukuru mji wenyewe umeanza kujimulika. Septemba 2021 ilizinduliwa katikati ya Cardiff sanamu ya Betty Campbell, mzaliwa wa Butetown, aliyekuwa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi nchini Wales. Iko karibu na stesheni kuu, njia ileile wanayopita wageni wa Doctor Who.

BIASHARA YENYEWE, KWA WANAOTAKA KUJUA MCHONGO

Mambo manne niliyoyaona yanafanya kazi hii isimame.

Moja, mtaji ni mdogo. Huhitaji jengo. Linganisha na haya: kulikuwa na maonyesho makubwa, Doctor Who Experience, yaliyokaa Cardiff Bay kuanzia 2012. Ndani mlikuwa na TARDIS, mavazi, kila kitu. Yalifungwa 2017. Jengo lina kodi, umeme na walinzi. Matembezi yana viatu. Jengo lilipofungwa, kutembea kuliendelea.

Mbili, jina si lako. Doctor Who ni mali ya BBC. Anayetembeza watu bila mkataba nao anatakiwa aseme wazi kwamba ziara yake si rasmi, na asichukue nembo yao akaifanya yake. Kusimulia kilichotokea mtaani hakuna ubaya. Kujifanya BBC ni kesi.

Tatu, nyumba za watu ni nyumba za watu. Tamthilia nyingi zimeshutiwa kwenye makazi. Kuna familia zinaishi mle, zinaanika nguo. Mwongozaji mstaarabu anapita upande wa pili wa barabara, hasimami dirishani, na nyumba nyingine hazitaji kabisa. Nikiwa kwenye ziara nikaona mwongozaji anagonga mlango wa mtu, ningeomba hela yangu.

Nne, tamthilia lazima ikae. Hili ni kubwa. Doctor Who haikuja Cardiff wiki mbili ikaondoka. Imekaa tangu 2005, studio zikajengwa, mafundi wa taa, washona nguo, mafundi seremala na wapaka rangi wakapata kazi za miaka. Kila msimu mpya unaongeza vituo vipya vya kutembelea. Matembezi ni tunda, mti ni uzalishaji.

NA HUKU KWETU JE?

Kwanza mjue Daktari mmoja alitoka kwa majirani zetu. Ncuti Gatwa alizaliwa Rwanda 1992, familia yake ikakimbia mauaji ya kimbari ya 1994 na kufikia Uskoti. Aliongoza Doctor Who kuanzia Krismasi ya 2023 mpaka Mei 2025, akiwa mweusi wa kwanza kuongoza tamthilia hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Kigali naye kaacha nyayo kwenye mitaa ile ya Cardiff.

Halafu kuna Nairobi. Tamthilia ya kisayansi ya Sense8 ya Netflix, iliyotoka kati ya 2015 na 2018, inahusu watu wanane wa miji tofauti duniani walioungana akili. Mmoja wao ni Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi, matatu yake imechorwa Jean-Claude Van Damme. Na walishutia Nairobi yenyewe, mitaani, wala si kwenye studio ya Ulaya. Nairobi ikaigiza Nairobi.

Tofauti na Cardiff ni ipi? Sense8 ilizunguka miji mingi kwa zamu, ikafika, ikashuti, ikaenda. Mti haukupandwa. Lakini vituo vipo, barabara zipo, na kijana anayeijua Nairobi na ameitazama tamthilia episodi zote ana nusu ya kazi mkononi. Nusu ya pili ni adabu: mitaa ya watu wa kipato cha chini si bustani ya wanyama, huwezi kupitisha kundi la makamera bila ridhaa ya wakazi na bila wao kupata chochote.

Kwa wa Tanzania, kumbukeni kuongoza watalii ni kazi ya leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na Julai 2025 serikali iliitaja miongoni mwa kazi ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya. Maana yake mlango ni wenu. Lakini leseni haisimulii hadithi. Hadithi lazima uijue wewe.

KUTEMBEA BILA NAULI

Kwa wale mlio kafe muda huu na dakika zimebaki, jaribuni hivi. Fungua ramani za Google, andika Roald Dahl Plass, Cardiff. Mchukue yule mtu mdogo wa njano, mdondoshe pale uwanjani. Utaona nguzo ya chuma. Geuka taratibu mpaka uone jumba la sanaa lenye maandishi makubwa usoni. Halafu andika Queen's Arcade, kisha Temple of Peace. Pembeni fungua picha za episodi. Linganisha mlango kwa mlango.

Mimi nimezunguka Cardiff namna hiyo jioni nyingi, na ninaijua mitaa yake kuliko baadhi ya mitaa ya wilaya yangu. Hilo limenifanya nijiulize: mtaani kwako hapo, kuna filamu gani iliwahi kushutiwa? Ilitumia nyumba ya nani, uwanja gani, baa gani? Bongo muvi ngapi zimepita pale na hakuna aliyeandika? Wazee wa pale wanakumbuka nini kuhusu jengo hilo kabla ya kamera kufika?

Anza kuorodhesha. Daftari linatosha. Mji usioandikwa, siku wageni wakija watasimuliwa na mtu mwingine.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mnayemjua Daktari, semeni nani mkali zaidi, Eccleston, Tennant au Gatwa? Na mnaojua lokesheni za filamu za huku kwetu, tiririkeni hapo chini na jina la mtaa na mwaka. Nitakusanya zote, tuone kama tunaweza kupata ramani yetu.

Nawasilisha.